Kocha wa Nje Getini: Jinsi ya Kupata Watu wa Michezo kwa Kituo cha Watoto cha Baada ya Masomo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mchezo wa kumtoa jasho na kumpandisha pumzi. Mtoto wa Kampala anayekaa darasani tangu asubuhi, kisha akaingia kwenye teksi inayotambaa katika foleni ya Jinja Road, hazipati dakika hizo kirahisi. Saa anayokaa kituoni akingoja mzazi mara nyingi ndiyo nafasi yake pekee. Ndiyo maana vituo vingi siku hizi huita watu wa nje: kocha wa mpira, mwalimu wa karate, mcheza ngoma, akademia ya kuogelea.

Unapomlipa mtu wa nje, unanunua dakika ambazo mtoto anasogea huku kuna macho juu yake. Kila hatua hapa chini inapimwa kwa kipimo hicho. Jezi, kombe na picha za mtandaoni ni mapambo.

Hatua ya 1: Pima ulicho nacho

Kabla hujampigia mtu simu, tembea uwanja wako kwa hatua ndefu, kila hatua ukihesabu kama mita moja. Watoto 20 wakicheza mpira mdogo, timu mbili za nne kwa nne kila upande wa kiwanja na wengine wanne wakipokezana, wanahitaji kama mita 30 kwa 20. Karate na ngoma huingia ndani ya ukumbi, ilimradi kila mtoto awe na nafasi ya mita 2 kwa 2. Kamba za kuruka hutosha popote penye sakafu kavu.

Andika pia umri wa watoto, wangapi ni wasichana, saa wanayofika na saa wanayochukuliwa, maji ya kunywa yako wapi, choo kiko umbali gani, na kama kuna paa la kukimbilia mvua. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo kipindi cha nje kiwe kimekwisha saa kumi na mbili jioni. Kituo kinachopokea watoto saa kumi na moja kasorobo kina muda wa kipindi kimoja tu cha dakika 50 kwa siku. Kocha anayekuahidi saa moja na nusu hajaangalia saa.

Halafu jiulize kama unahitaji mtu wa nje kabisa. Mfanyakazi wako anayejua kwepena (mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa), kamba tano za katani na mipira sita vinaweza kufanya kazi ya akademia kwa siku tatu za wiki. Mtu wa nje anafaa pale penye ujuzi ambao humo ndani haupo: kuogelea, karate, mazoezi ya viungo, au mpira wenye mafunzo ya kweli.

Hatua ya 2: Chagua mchezo na muhula

Usianze muhula wa kwanza. Mvua za Kampala, Entebbe na Mukono hushika Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, yaani zinaangukia muhula wa kwanza na wa tatu. Muhula wa pili ndio wenye jioni kavu zaidi, na mkataba wa kwanza ukianzia hapo utamjua kocha kabla mvua haijawatenganisha. Gulu na Arua mambo ni tofauti: mvua huanza kama Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba, kwa hiyo huko muhula wa pili hauna nafuu hiyo, uwe na mchezo wa ndani tangu siku ya kwanza.

Kuhusu aina ya mchezo, waulize watoto wasiocheza. Wale kumi wanaokimbilia mpira kila jioni watacheza hata usipolipa mtu. Pesa iende kwa wale wanaokaa kwenye ngazi. Mara nyingi hao hutaja ngoma, kamba, baiskeli, netiboli au karate.

Hatua ya 3: Karatasi, kisha simu

Omba haya kwa kila mtu atakayeingia getini, mkubwa wa akademia na msaidizi wake pia:

- nakala ya kitambulisho cha taifa, nawe uone chenyewe kwa macho;
- cheti cha tabia njema cha polisi, kinachotolewa na ofisi ya Interpol, kisichozidi miezi sita;
- barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa anakoishi sasa, si wa kijiji alikozaliwa;
- cheti cha mafunzo ya mchezo wenyewe;
- cheti cha huduma ya kwanza, mfano kutoka Msalaba Mwekundu wa Uganda;
- kwa akademia, cheti cha usajili cha URSB (ofisi ya usajili wa biashara) na namba ya mlipakodi ya URA (mamlaka ya mapato).

Kila karatasi ina mipaka yake. Leseni ya CAF D, ya ngazi ya chini ya Shirikisho la Soka Afrika, inaonyesha mtu amesoma misingi ya ukocha wa mpira. Haikuambii atamfanya nini mtoto wa miaka sita anayelia. Mkanda mweusi wa karate hununuliwa dukani, kwa hiyo piga simu kwa shirikisho la mchezo huo uulize kama wanamjua. Usipojua pa kulipata, Baraza la Taifa la Michezo lililoko Lugogo ndilo linaloyasajili. Cheti cha polisi nacho husema tu kwamba hakuna rekodi ya kosa. Watu wanaodhuru watoto mara nyingi hawajawahi kushtakiwa; shule huwaondoa kimya kimya, nao huhamia mtaa wa pili.

Kwa sababu hiyo simu ina uzito kuliko faili. Piga kwa vituo viwili alikofanya kazi, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Namba anayokupa kocha inaweza kuwa ya binamu yake. Uliza mambo matatu: alifanya kazi lini hadi lini, kwa nini aliondoka, na "kesho akirudi kuomba kazi, mtampa?" Swali la tatu likijibiwa kwa kigugumizi, au kwa "alikuwa mtu mzuri, ila…", mwache aendelee kuongea. Baada ya "ila" ndiko kuna unachokitafuta.

Hatua ya 4: Kipindi cha majaribio

Hapa ndipo penye uamuzi wote, na ndipo wengi hupitia mbio. Mlipe kocha kwa kipindi kimoja cha dakika 45 na watoto 15 wa umri mchanganyiko. Kumfanyisha bure si haki, na anayefanya bure huonyesha sarakasi. Keti pembeni na daftari.

Tazama dakika tano za kwanza. Kocha mzuri anahesabu watoto kabla hajapuliza filimbi, anaokota chupa na mawe kiwanjani, anauliza nani ana pumu, anaangalia magoli. Goli la chuma lisilofungwa chini ni hatari kubwa: watoto huning'inia kwenye mwamba wa juu nalo huwaangukia. Kocha asiyeligusa kulitikisa hajafundishwa, au amesahau. Dawa yake ni magunia mawili ya mchanga juu ya bomba la nyuma, au vigingi vya chuma ardhini.

Kisha chagua mtoto mmoja wa kawaida, si hodari wala mvivu, umfuate kwa macho dakika kumi. Andika dakika alizosogea na dakika alizosimama. Chini ya tano, kipindi kimefeli, hata kama kocha anapendeza. Kosa la kawaida ni foleni: watoto 15, mpira mmoja, kila mmoja anapiga mara moja na kurudi nyuma ya mstari. Mtoto wa mwisho katika foleni ya 15, kila zamu ikichukua sekunde 20, anasimama karibu dakika tano kwa kugusa mpira mara moja. Kipimo cha kuombwa ni mpira mmoja kwa watoto wawili, na timu zisizozidi watu watano.

Kosa la pili ni michezo ya kutoa watu. Kwepena ni mchezo mtamu, lakini ukichezwa kwa kanuni zake za mtaani, anayepigwa kwanza ni yule mzito au mdogo, naye ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote. Kocha mwenye akili hubadilisha kanuni: aliyepigwa anaruka kamba mara kumi kisha anarudi. Mwombe acheze kwepena na uone kama hilo litamjia bila kuambiwa.

La tatu ni adhabu. Mtoto akikosea au akichelewa, anafanywa nini? Kupiga magoti, kuruka kichura, kuzunguka uwanja mara tano kwa sababu ya kuongea: hayo bado ni mazoea ya makocha wengi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Usingoje fimbo ionekane. Mazoezi yakigeuzwa adhabu, mtoto atayachukia, na pesa yako imefanya kinyume cha ulichokusudia.

Mwisho, panga mtoto mmoja agome. Kila kituo kina mtaalamu wa kugoma, huna haja ya kumfundisha. Kocha akimlazimisha kwa mkono, hafai. Akimwacha kabisa, ni wa wastani. Akimpa koni azipange au filimbi aishike, na baada ya dakika tano mtoto yumo mchezoni, anza kuzungumza naye bei.

Kuogelea kuna masharti yake. Maji yawe safi kiasi cha kuona sakafu ya sehemu yenye kina. Mwalimu mmoja majini asizidishe wanafunzi sita wasiojua kuogelea, na juu ya ukingo asimame mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutazama tu, bila simu mkononi. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele; hukaa wima, kichwa nyuma, na baada ya muda mfupi anashuka. Mwombe mwalimu amvute mtu mzima majini kwa mita 15 mbele yako. Akikataa, usimpeleke mtoto yeyote kwake.

Hatua ya 5: Bei

Kuna namna mbili za kulipa: kwa kichwa cha mtoto au kwa kipindi. Ukilipa kwa kichwa, kocha anafaidika watoto wakiwa 50 badala ya 25, nawe utaona kundi likivimba wiki hadi wiki. Lipa kwa kipindi, na uandike idadi ya mwisho ya watoto.

Tuchukue mfano, na namba uzibadilishe kwa za mtaa wako. Kocha na msaidizi wanataka shilingi 60,000 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki. Muhula wa wiki 12 unaonekana kama vipindi 24, yaani shilingi 1,440,000. Lakini wiki ya kwanza nusu ya watoto hawajarudi, na wiki mbili za mwisho ni za mitihani. Zimebaki wiki 9, vipindi 18. Mvua itakula viwili. Panga vipindi 16: shilingi 960,000. Watoto 30 wakijiandikisha, kila mzazi analipa 32,000. Wakiwa 20, ni 48,000. Ukitangaza bei ya watoto 30 kisha wakaja 20, pengo la shilingi 320,000 ni lako. Kwa hiyo tangaza bei ya watoto 20, na ziada ikipatikana nunua mipira na maji.

Kama kituo chako kimeteuliwa na URA kukata kodi ya zuio, malipo yanayozidi shilingi milioni 1 hukatwa asilimia 6. Mwambie kocha mapema asije kudhani umempunja. Na kocha anayekuja siku tano kwa wiki, kwa saa unazopanga wewe na vifaa vyako, anaanza kufanana na mwajiriwa. Tangu marekebisho ya 2022, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 10 kutoka kwako na 5 kutoka kwake.

Hatua ya 6: Mkataba wa kurasa mbili

Mkataba mrefu hausomwi. Kurasa mbili zinatosha, lakini vifungu vifuatavyo visikosekane.

Majina ya watu. Hila ya zamani ni hii: akademia inakuonyesha kocha mkubwa siku ya mazungumzo, wiki ya tatu anakuja kijana wa miaka 17 aliyemaliza S4 (kidato cha nne) juzi. Andika majina ya makocha wawili na mmoja wa akiba, wote waliopita Hatua ya 3. Askari wa geti awe na picha zao ukutani. Asiyemo haingii, hata akiwa na jezi ya akademia na mipira kumi begani.

Vipindi vilivyokosekana. Kocha akikosa bila taarifa ya saa 24, halipwi. Mvua ikinyesha kabla hajafika, kipindi kinahamishwa. Mvua ikimkuta kituoni, anafundisha ndani na analipwa kamili. Akumbuke tu kwamba mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia. Mchezo wa ndani uwe wa kuiga kwa macho, kama ngoma, kamba au "fanya nifanyavyo", usiohitaji maelezo.

Watu wazima wawili daima. Kocha habaki peke yake na mtoto: si stoo, si chooni, si bafuni, si kwenye gari. Hampeleki mtoto nyumbani kwa bodaboda hata mzazi akichelewa na kumwomba yeye mwenyewe. Hachukui namba ya simu ya mtoto wala hamtumii ujumbe.

Picha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Makocha wengi hujitangaza kwa video za watoto wa vituo kwenye TikTok na hali za WhatsApp. Iandikwe wazi: hakuna picha isiyopitia ofisini kwako.

Malipo na kuvunja. Theluthi mwanzo, theluthi katikati, theluthi baada ya kipindi cha mwisho, kulingana na vipindi vilivyofanyika. Pesa iende kwa jina lililo kwenye mkataba. Mobaili mani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine huleta ugomvi wa "sikupokea". Kila upande unaweza kuvunja kwa taarifa ya siku 14, isipokuwa jambo la usalama wa mtoto: hapo ni siku hiyo hiyo.

Bima. Uliza kama akademia ina bima ya kuumia kwa wengine, na uombe barua ya kampuni ya bima yenyewe. Kama haina, angalia kama bima ya ajali ya shule inahesabu saa za jioni. Nyingi huandikwa kwa saa za masomo.

Hatua ya 7: Karatasi ya mzazi

Karatasi moja, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili au Luganda upande wa pili. Iwe na ruhusa ya mchezo, ruhusa au katazo la picha, majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, simu mbili, na hali ya afya. Usiulize "ana ugonjwa wowote?" kwa sababu jibu ni "hapana". Taja kimoja kimoja: pumu, kifafa, selimundu, mzio, malaria wiki hii.

Selimundu haipaswi kupitiwa juu juu, maana Uganda ina watoto wengi wenye ugonjwa huo. Mtoto huyo anaweza kucheza, lakini maji anywe kila dakika 15, apumzike anapotaka bila kubembelezwa, na asiachwe na nguo mbichi baada ya mvua au bwawa. Kiu, baridi na kuchoka kupita kiasi ndivyo vinavyomwamshia maumivu. Kocha lazima amjue kwa jina, si kwa orodha tu.

Waambie wazazi watume kaptula na fulana. Wasichana wengi hukaa pembeni kwa sababu ya sketi ya sare, nasi tunasema hawapendi michezo. Kaptula ya kuvaa ndani ya sketi, au suruali ndefu kwa wanaojistiri, huwarudisha wengi. Na watoto wale kitu kabla: chakula cha mchana kilikuwa saa saba. Ndizi moja na kikombe cha maji nusu saa kabla ya mchezo hutosha; chapati mbili na soda huleta matapishi.

Hatua ya 8: Jioni yenyewe

Watoto hupotea wakati wa kupokezana, kabla na baada ya mchezo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto vilevile. Mfanyakazi wako anaita majina, anaandika idadi, kocha anatia saini: "nimepokea 24". Mwishoni anarudisha 24, na saini ya pili. Mzazi anayefika katikati ya kipindi haendi kumchukua mtoto kiwanjani. Anapita ofisini, jina linakatwa, mtoto analetwa.

Mfanyakazi wako anabaki kiwanjani muda wote. Kumlipa kocha hakumhamishii mtoto. Mzazi alimwacha kwako. Kwa watoto wa chini ya miaka 8, lenga mtu mzima mmoja kwa watoto 8. Kwa wakubwa, mmoja kwa 12. Mmoja awe huru kumpeleka mtoto chooni au kwa muuguzi bila kuacha kundi peke yake.

Sanduku la huduma ya kwanza likae kando ya kiwanja, halina faida likifungiwa ofisini: glavu, shashi, bendeji mbili pana, bendeji ya pembetatu, plasta, mkasi, chupa ya maji safi, pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), na karatasi yenye simu ya kituo cha afya cha karibu na ya dereva. Mtoto aliyegonga kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akaumwa kichwa, harudi mchezoni siku hiyo hata akilia kutaka kurudi. Anapelekwa kwa daktari na mzazi anapigiwa mara moja.

Radi haina mjadala. Mnamo Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na kipindi kimekwisha. Msirudi nje hadi dakika 30 zipite bila ngurumo. Hakuna kujikinga chini ya mwembe wala kwenye hema. Na kwa kuwa kuingia ndani peke yake hakutoshi, uliza mwenye jengo kama kuna kinga ya radi juu ya paa, na waya wake kama unafika ardhini. Mara nyingi umekatwa na kuuzwa chuma chakavu.

Kukitokea shaka ya mtoto kuguswa au kuumizwa, kocha anasimamishwa jioni hiyo hiyo. Usimhoji mtoto mara tatu, wala usiitishe kikao cha "kusuluhisha" na kocha. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, mwarifu mzazi, kisha piga 116, namba isiyolipiwa ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, au nenda kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia katika kituo cha polisi.

Hatua ya 9: Wiki ya nne

Chukua daftari la mahudhurio, linganisha wiki ya kwanza na ya nne. Idadi ikishuka kutoka 24 hadi 20 si ajabu. Tazama ni akina nani walioondoka. Kama ni wasichana sita au wadogo wote, kocha anafundisha kikosi chake cha Jumamosi, na hao wengine wamelielewa hilo kabla yako. Rudia kipimo cha dakika kumi, mara hii bila kumwarifu. Mwonyeshe namba zako, mpe wiki mbili za kurekebisha. Wengi hurekebisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwahesabia.

Kabla ya theluthi ya mwisho ya malipo, hesabuni pamoja mipira, koni na vizibao, upokee ufunguo wa stoo, na picha yake iondolewe ukutani kwa askari hadi mkataba mpya utiwe saini.